Kuandaa mkutano wa kanda wa chama mjini Tabora: anza na mjumbe wa mbali

Mkutano wa kanda hauharibikii jukwaani. Huharibika wiki sita kabla, pale ambapo hakuna anayejua orodha halali ya wajumbe ni ipi, au pale mjumbe wa Kalya, kusini kabisa mwa wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma, anapopangiwa nauli na siku ya kuondoka sawasawa na mjumbe wa Nzega, mkoani Tabora kwenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unamweka mbele mjumbe anayesafiri mbali kuliko wote. Tarehe, bajeti, ratiba na hata saa ya kula hutokana naye.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Chama kina wanachama katika mikoa mitatu: Tabora yenye wilaya 7, Kigoma yenye 6 na Katavi yenye 3, jumla wilaya 16. Kila wilaya inaleta wajumbe 9, ambao ni 144, na kamati tendaji ya kanda ina watu 6. Wapiga kura ni 150, mkutano ni wa siku mbili. Kiwe chama cha wafugaji nyuki, cha wauguzi au muungano wa vikundi vya kuweka na kukopa, hesabu haibadiliki.

Wiki ya 16 hadi ya 14 kabla: katiba, kisha tarehe

Kaeni na katiba ya chama mezani mwandike majibu ya maswali manne: nani mwenye mamlaka ya kuitisha mkutano, notisi ni ya siku ngapi, akidi (idadi ya chini ya wajumbe wa kuhalalisha mkutano) ni ngapi, na nani anahesabika mjumbe halali. Msijibu kwa mazoea. Kama katiba inasema akidi ni theluthi mbili, kwa wajumbe 150 ni watu 100, na mkiwa 99 hamna mkutano, mna kikao cha mazungumzo. Kama inasema "zaidi ya nusu", ni 76, si 75. Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 kimshirikishe ofisa ushirika tangu hatua hii, si wiki ya mwisho.

Tarehe sasa. Tabora mvua huanza takribani Novemba na kuendelea hadi Aprili, na mkulima hawezi kuacha shamba wakati wa kupanda. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, ndiyo ya mikutano, ila nayo ina mitego. Wiki ya kwanza ya Agosti maonyesho ya Nanenane ya kanda hufanyika Ipuli, na gesti nzuri hujaa. Kuelekea Juni 30 ofisi za serikali hukimbizana kufunga mwaka wa fedha, kwa hiyo kumbi hugombewa na maofisa mnaowataka hawapatikani. Chama chenye wakulima wa tumbaku kiulize masoko yanafunguliwa lini, kwa kuwa hakuna atakayeacha mzigo wake usipimwe. Angalieni pia Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11. Kwa vyama vingi nusu ya pili ya Agosti inafaa: barabara ni kavu, mavuno yamekwisha, na joto kali la Septemba na Oktoba halijaingia.

Kabla hamjaidhinisha tarehe, nendeni stesheni. Tabora ndipo Reli ya Kati inapogawanyika, mkono mmoja kwenda Mwanza na mwingine Kigoma, na njia ya Mpanda huchepuka Kaliua. Treni ya kawaida haitoki kila siku. Mkipanga mkutano Jumatano na treni ya kutoka Kigoma inaingia Alhamisi, mmewafukuza wajumbe wenu kabla hamjawaalika. Pangeni mkutano uzunguke siku za treni. Treni haitazunguka mkutano.

Orodha ya wajumbe: hapa tumia muda mwingi kuliko kwingine kokote

Tengenezeni daftari moja tu la wajumbe, liwe na mtunzaji mmoja, na kila badiliko lipite kwake kwa maandishi. Kosa la kawaida ni katibu wa kanda kuwa na orodha yake, mhasibu yake, na wilaya kutuma majina kwenye kundi la WhatsApp. Siku ya usajili wanatokea watu 11 kutoka wilaya yenye nafasi 9, wote wana barua, na wote wamesafiri usiku kucha. Hakuna njia ya heshima ya kulimaliza hilo mlangoni.

Kwa kila mjumbe chukua: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, wilaya, kijiji au mtaa anakoanzia safari, namba ya simu, jina lililosajili laini hiyo, hali ya ada, jinsia, mahitaji ya pekee (chakula, ulemavu, mtoto mchanga), na jina la mjumbe mbadala. Jina la laini ni la lazima. Wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, mtoto au jirani, na ukituma nauli ya watu 150 bila kulinganisha majina utapata malalamiko ambayo huwezi kuyathibitisha wala kuyakanusha. Namba za vitambulisho zibaki kwa mtunzaji, zisisambazwe kwenye makundi ya simu: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mwanachama amekukabidhi dhamana.

Funga orodha siku 21 kabla ya mkutano. Baada ya hapo anayeshindwa kuja anajazwa na mbadala wake tu. Wiki hiyo hiyo kamati ya uhakiki ya watu watatu, wasio wagombea, ipitie ada za wote na kutoa orodha yenye sahihi. Mwenye deni aambiwe akiwa nyumbani kwake, apewe siku saba za kulipa. Kumwambia akishafika Tabora ni kumwaibisha.

Usafiri na nauli

Msiandike "nauli ya Kigoma" kama kitu kimoja. Mjumbe wa Kigoma mjini ana treni, zaidi ya kilomita 400 hadi Tabora. Wa Kakonko njia yake ni tofauti kabisa: hupita Nyakanazi, Kahama na Nzega, na huenda akalazimika kulala njiani. Wa Kalya, Sibwesa au Buhingu huanza na boti ya Ziwa Tanganyika, na ziwa likichafuka boti haiondoki. Huyo apewe siku moja ya ziada kwenda na moja kurudi, pamoja na posho ya kujikimu ya usiku huo. Wa Mpanda anaweza kuja kwa basi kupitia Sikonge au kwa treni kupitia Kaliua. Tengeneza jedwali lenye mistari 16, kila wilaya na njia yake, nauli halisi iliyoulizwa kituoni mwezi huo, bodaboda ya kutoka kijijini, na idadi ya usiku wa njiani. Kisha mpigie simu mjumbe mmoja wa kila wilaya umsomee mstari wake. Simu hizo 16 zitakusahihisha kuliko kikao chochote.

Andika muda kwa uangalifu. "Treni ya Ijumaa saa 8 usiku" imewaacha wengi stesheni, kwa sababu mmoja anaelewa usiku unaofuata mchana wa Ijumaa na mwingine usiku wa kuamkia Ijumaa. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa", na weka tarehe. Tiketi hutumia saa za Kizungu, kwa hiyo ujumbe wako utaje zote mbili: saa 2:00 usiku, kwenye tiketi 20:00.

Malipo yagawanywe mara mbili. Nauli ya kuja itumwe kwa simu siku tatu kabla ya kuondoka, kwa sababu mjumbe wa kijijini hana fedha ya kukopesha chama. Nauli ya kurudi itolewe siku ya pili wakati wa chai. Mkiilipa siku ya kwanza, siku ya pili akidi itakuwa stendi. Mkiilipa baada ya kufunga, watu 150 watapanga foleni huku mabasi yanaondoka, na mhasibu aliyechoka atakosea. Anayelipwa asaini fomu yenye jina, wilaya, kiasi na namba ya muamala. Fomu bila namba ya muamala itawasumbua wakati wa ukaguzi.

Bajeti

Ina mafungu mawili. La kwanza halibadiliki hata wajumbe wakiwa 100 au 200: ukumbi, vipaza sauti, jenereta, bango, mshereheshaji. La pili huzidishwa kwa idadi ya watu: nauli, malazi, chakula, maji, kabrasha. Kosa liko kwenye idadi. Wajumbe ni 150, lakini walaji ni zaidi: sekretarieti 12, madereva 8, waandishi wa habari 4, mgeni rasmi na msafara wake 10. Jumla 184. Dereva asiyehesabiwa atakula sahani ya mjumbe, na mjumbe wa mwisho kwenye foleni atakuta sufuria tupu. Ongeza asilimia 10 ya dharura juu ya jumla yote, na muandike nani anaidhinisha kuitumia.

Chukua ankara kifani (proforma) tatu kwa kila huduma kubwa, na kila mtoa huduma athibitishe kama bei yake ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ndani. Asilimia 18 iliyojitokeza siku ya kulipa inamaliza dharura yote. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, idaiwe kabla fedha ya mwisho haijatoka. Michango ya wanachama na ya wafadhili iingie akaunti ya chama, kamwe si kwenye simu ya mtu.

Ukumbi

Tabora ina vyuo kadhaa, na ukumbi wa chuo mara nyingi ni mkubwa na tulivu kuliko wa hoteli. Ulize kwanza kama tarehe zenu haziangukii mitihani yao. Ukumbi wa taasisi ya umma hulipiwa kwa kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali: iombeni mapema, kwa kuwa namba huwa na mwisho wa matumizi.

Nenda na futi kamba. Mtu mwenye meza ya kuandikia anahitaji takribani mita ya mraba 1.8 ikiwa na njia za kupita, mtu wa kiti pekee mita ya mraba 1. Kwa viti 170 vyenye meza, yaani wapiga kura 150 na wengine 20, ni mita za mraba 306, yaani ukumbi wa kama mita 18 kwa 17. Mwenye ukumbi atakwambia "unaingia watu 300", na anasema kweli, ila ni 300 wa harusi, wamekaa bega kwa bega.

Hesabu vyoo. Wanawake 80, tuseme nusu wanakwenda wakati wa chai, dakika mbili na nusu kila mmoja: ni dakika 100. Matundu manne yatachukua dakika 25, na chai ni nusu saa. Matundu mawili yatachukua dakika 50, na mkutano utaanza upya bila wanawake, wakati mwingine kura ikapigwa wakiwa nje. Choo kibovu kinaweza kubadilisha azimio. Angalia pia ngazi: mjumbe anayetumia kiti cha magurudumu aingie kwa mlango wa wote, asibebwe. Akiwepo kiziwi, leteni wakalimani wawili wa lugha ya alama, kwa sababu mmoja hawezi kutafsiri siku nzima peke yake, hubadilishana kila baada ya dakika 20 au 30. Mama mwenye mtoto mchanga apewe chumba cha karibu, na msindikizaji wake aingie kwenye bajeti ya chakula.

Umeme ukikatika? Jumlisha wati: spika na mikisa 1,500, feni 12 za wati 75 ni 900, projekta mbili 600, taa 400, kompyuta na printa 600. Ni wati 4,000. Jenereta ya kVA 7.5 hutoa takribani wati 6,000 za kweli, inatosha. Hita ya chai ya wati 3,000 isichomekwe humo, chai ichemshwe kwa gesi au mkaa. Jenereta iwashwe kwa majaribio jioni ya kabla, ibebe mzigo wote kwa nusu saa. Kuunguruma tu bila mzigo hakujathibitisha lolote. Weka mafuta ya saa 8, na kwa lita 2 hadi 3 kwa saa hiyo ni lita 16 hadi 24.

Malazi hayahitaji maneno mengi. Lipia usiku wa kuwasili, si usiku wa mkutano tu. Kagua maji, neti na mlango unaofungwa, na usimlaze mjumbe wa kike gesti yenye baa.

Ratiba yenye hesabu ya kweli

Siku ya kwanza saa 3:00 asubuhi hadi 11:00 jioni ni saa 8. Toa ufunguzi saa 1, chai dakika 30, chakula saa 1, zinabaki saa 5 na nusu. Siku ya pili saa 2:30 asubuhi hadi 8:00 mchana, toa chai, zinabaki saa 5. Mna dakika 630 za kazi, basi.

Sasa angalia taarifa za wilaya. Kila wilaya ikisoma dakika 20, wilaya 16 zitakula dakika 320, zaidi ya nusu ya mkutano wote, kabla ya mtu yeyote kujadili lolote. Taarifa ziandikwe ukurasa mmoja kila wilaya, zichapwe kwenye kabrasha, na zijadiliwe kwa mada: ada, masoko, nidhamu, miradi. Wilaya itakayolalamika kwamba haikusomwa, mweleze katibu wake kwamba taarifa yake imesomwa na wote tangu jana usiku.

Mjadala nao una bei. Wasemaji 20 wa dakika tatu, na nusu dakika ya kupokezana maikrofoni, ni dakika 70. Kwa hiyo amua mapema ni ajenda zipi mbili au tatu zinazostahili mjadala wa namna hiyo, na zilizobaki zipite kwa taarifa. Mji huu unalijua jambo hilo. Januari 1958 TANU ilikutana hapa Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, shauri lililowagawa wajumbe hasa. Liliachiwa wasemaji wa pande zote, Nyerere akajenga hoja yake, mkutano ukakubali kushiriki, na bado Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Ajenda yenye uzito wa namna hiyo usiiweke saa ya mwisho chini ya "mengineyo". Iwekwe siku ya kwanza baada ya chai, watu wakiwa na nguvu, usiku wakalale nayo, azimio lipitishwe asubuhi ya pili.

Mgeni rasmi aalikwe kwa barua wiki sita kabla. Kama ni Mkuu wa Mkoa, barua ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na iambatane na hoja za kumsaidia kuandaa hotuba. Usifungue mkutano kwa kumngoja. Anza saa 3:00 na uhakiki wa akidi, kumbukumbu za mkutano uliopita na yatokanayo. Ufunguzi rasmi uwe saa 4:30. Akichelewa, mnaendelea na taarifa ya fedha. Kama mnataka maandamano ya kumpokea barabarani, sheria inataka taarifa ya maandishi kwa polisi angalau saa 48 kabla, na hata kwa mkutano wa ndani si vibaya kuwajulisha polisi na ofisi ya mtaa.

Usajili, chakula na kura

Kusajili mtu mmoja ni dakika mbili: kutafuta jina, kukagua kitambulisho, sahihi, beji, kabrasha. Meza moja itahitaji saa 5. Weka meza nne, kila moja wilaya nne, watu 36, inakwisha kwa dakika 72. Gawa kwa wilaya, usigawe kwa herufi. Kwa herufi, majina mengi mno yataangukia M, na wengine hawatajua kama watafutwe kwa jina lao au la baba. Walioingia jioni ya kabla wasajiliwe jioni hiyo hiyo. Meza ya tano iwe ya matatizo, akae mtunzaji wa daftari mwenyewe, ili mwenye utata asizibe foleni.

Chakula kwa walaji 184: mchele gramu 150 kila mmoja ni kilo 28, nyama yenye mfupa gramu 200 ni kilo 37, maharage gramu 60 ni kilo 11. Mkipika wali na ugali pamoja, punguza kila kimoja hadi kama asilimia 60 ya kiwango chake, lakini ugali msiuache: mjumbe aliyesafiri usiku anauhitaji. Maji chupa tatu za nusu lita kwa mtu ni chupa 552 kwa siku. Nunua kwa kuhesabu chupa, kwa sababu katoni hazina idadi moja. Foleni moja ya chakula hupitisha kama sahani 4 kwa dakika, dakika 46 kwa wote. Weka meza zenye pande mbili, inakuwa 23. Mezani asubuhi wekeni asali ya miombo. Ni ya hapa, na hakuna jemu inayoifikia.

Wapiga kura wapewe kadi za rangi moja, waalikwa rangi nyingine, na kadi iinuliwe ikihesabiwa, si "wanaokubali waseme ndiyo" kwa jambo linalobishaniwa. Kura ya siri: mtu sekunde 20 kwenye sanduku moja ni dakika 50 kwa watu 150. Masanduku matatu ni dakika 17. Chapa karatasi 150 kamili zenye muhuri, hesabu zilizobaki mbele ya mawakala wa wagombea, na anayegombea asiongoze kikao hata kwa dakika moja.

Mtu mmoja wa sekretarieti asiwe na kazi nyingine ila afya: sanduku la huduma ya kwanza, gari lenye mafuta, na njia ya kwenda hospitali ya Kitete aijue kwa kuipita, si kwa kuelezwa.

Baada ya kufunga

Waandishi wawili wa kumbukumbu wakae usiku huo huo kulinganisha maazimio, kila azimio likiwa na mhusika, tarehe na idadi ya kura zilizolipitisha. Azimio lisilo na mhusika litarudi mkutano ujao chini ya yatokanayo, likiwa vile vile. Marejesho ya masurufu, yaani hesabu za fedha zilizotolewa kwa kazi, yafungwe ndani ya siku 7, muhtasari ufike wilaya zote 16 ndani ya siku 14, wa karatasi kwa wasio na simu janja.

Na daftari la wajumbe lisifungwe siku ya mwisho ya mkutano. Mtunzaji apige simu wilaya kwa wilaya, aweke alama mbele ya kila jina lililofika nyumbani. Kwa kawaida jina la mwisho kupata alama litakuwa la mtu wa ziwani, siku tatu baadaye, boti ikishatia nanga Kalya.